Kesi walishinda, fidia hawajaiona

Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC, wengi wetu tunakijua kwa warsha, chai ya saa nne na posho. Jumatano ya tarehe 2 Septemba 1998, katika majengo hayohayo, majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda waliketi kusoma hukumu ambayo dunia haikuwahi kuisikia. Mshtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, mwalimu na mkaguzi wa shule wa zamani, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, mkoa wa Gitarama, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Alikamatwa Zambia Oktoba 1995, akaletwa Arusha Mei 1996. Siku hiyo alitiwa hatiani kwa makosa 9 kati ya 15, na mwezi mmoja baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kusikiliza kesi ya mauaji ya kimbari hadi mwisho na kumkuta mtu na hatia. Ndani ya hukumu hiyo mlikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Majaji walisema ubakaji waliofanyiwa wanawake wa Kitutsi pale Taba ulikuwa sehemu ya mauaji ya kimbari yenyewe. Kabla ya hapo ubakaji vitani ulihesabiwa kama wizi wa kuku: askari wanaufanya, kamanda anatazama pembeni, maisha yanaendelea. Mahakama ya Nuremberg, pamoja na ushahidi wote iliousikia baada ya Vita Kuu ya Pili, haikumfunga hata mtu mmoja kwa kosa hilo.

Ukitaja Arusha kwenye historia, Mtanzania atakutajia Azimio la mwaka 1967. Hukumu ya 1998 sijui kama inafundishwa hata darasa moja la sekondari, ilhali mawakili wa Sarajevo na Freetown wanaijua kwa aya zake.

Swali ambalo wapelelezi hawakuuliza

Hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Akayesu haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Ilikuwa na mashtaka 12, ya mauaji, mateso na uchochezi. Wapelelezi walikuwa wamepita Taba, wamehesabu maiti, wameandika majina ya waliouawa na waliowaua. Kesi ilianza Januari 1997 kwa hati hiyohiyo.

Kisha akapanda kizimbani mama mmoja ambaye kumbukumbu za mahakama zinamwita Shahidi J. Alikuja kueleza mauaji. Katikati ya maelezo yake akataja kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na wanaume watatu wa Interahamwe, kundi la wanamgambo. Majaji wakamuuliza zaidi, naye akasema alikuwa amesikia pia habari za wasichana kubakwa kwenye ofisi ya komuni. Baadaye Shahidi H akaeleza kwamba yeye mwenyewe alibakwa kwenye shamba la mtama.

Kwenye meza ya majaji walikuwapo Laïty Kama wa Senegal, aliyeongoza jopo, Lennart Aspegren wa Sweden, na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, wakati huo mwanamke pekee miongoni mwa majaji wa mahakama nzima. Nje ya mahakama, mashirika ya wanawake yaliandika hoja yakiwataka waendesha mashtaka wasiliache jambo hilo lipite. Kesi ikasimamishwa, wapelelezi wakarudi Taba, na Juni 1997 yakaongezwa mashtaka matatu ya ukatili wa kingono.

Ndipo wakaja wengine. Shahidi JJ alisimulia alivyokimbilia ofisi ya komuni pamoja na wakimbizi wengine, wengi wao wanawake na watoto, kwa kuwa ofisi ya serikali ndiyo mahali mtu anapotarajia kulindwa. Walichukuliwa kutoka hapo, wakapelekwa kwenye jengo la utamaduni lililokuwa kwenye kiwanja hichohicho, wakabakwa na vijana wa Interahamwe, zaidi ya mara moja. Mkuu wa komuni alikuwapo. Mahakama iliridhika kwamba alijua, aliona, na kwa maneno yake aliwapa moyo waliokuwa wakitenda.

Kuna kipengele kimoja cha hukumu hiyo ambacho nadhani kina thamani kuliko kifungo chenyewe. Majaji walieleza ubakaji kuwa ni uvamizi wa mwili wenye sura ya kingono unaofanywa katika mazingira ya kumlazimisha mtu, wakaongeza kwamba kulazimisha huko si lazima kuwe kwa kupigwa au kufungwa kamba. Wanaume wenye mapanga na bunduki wakiwa wamezunguka watu waliokwishaona jirani zao wakichinjwa, hayo yenyewe ni mazingira ya kulazimisha. Kwa hiyo lile swali linaloulizwa hadi leo katika vituo vingi vya polisi, ulipiga kelele au hukupiga, halikuwa na nafasi tena katika kesi ya aina hiyo.

Lakini kuliondoa kwenye sheria ni kazi rahisi kuliko kuliondoa kwenye vinywa vya mawakili. Oktoba 2001, katika kesi ya washtakiwa wa mkoa wa Butare iliyokuwa ikiendelea papo hapo Arusha, mama mwingine aliyebakwa alihojiwa na wakili wa utetezi kwa siku kadhaa. Miongoni mwa maswali lilikuwamo la kama alikuwa ameoga siku zile. Maana yake ni kwamba mwanamke asiyeoga nani angemtamani. Majaji walionekana wakicheka. Pillay, wakati huo rais wa mahakama, alieleza kwamba kicheko kilimlenga wakili na namna yake ya kuuliza. Huenda ilikuwa hivyo. Rwanda hawakuipokea hivyo, na Januari 2002 vyama viwili vya manusura, Ibuka na AVEGA, vilisitisha ushirikiano na mahakama.

Kesi hiyo ya Butare ndiyo iliyomtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Naam, waziri wa wanawake. Alihukumiwa Juni 2011, miaka kumi baada ya kesi kuanza, na ubakaji ulikuwa miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo. Katika rufaa, Desemba 2015, kifungo chake cha maisha kilipunguzwa kuwa miaka 47.

Dawa zilikuwa upande wa washtakiwa

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana habari hii ikiishia kwenye hukumu inakuwa ya kupendeza kuliko ilivyokuwa.

Mahakama ya Arusha ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015 ikiwa imewafungulia mashtaka watu 93 na kutumia zaidi ya dola bilioni moja. Katika fedha zote hizo hakuna iliyotengwa kuwafidia waathirika. Azimio la Baraza la Usalama lililoiunda halikuipa uwezo huo. Kanuni zake zilimwelekeza manusura akadai kwenye mahakama za nchi yake. Mtu alisafirishwa kwa ndege kutoka kijijini, akafichwa kwenye nyumba ya mashahidi, akaeleza mbele ya wageni mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata dada yake, kisha akarudishwa kwenye nyumba yake iliyokuwa inavuja.

Na wengi wao walikuwa wagonjwa. AVEGA, chama cha wajane wa mauaji ya kimbari, kiliwapima wajane zaidi ya elfu moja waliobakwa na kukuta takriban theluthi mbili wana virusi vya Ukimwi. Miaka ile dawa za kufubaza virusi zilikuwa ghali, na Rwanda zilipatikana kwa wachache mno. Washtakiwa waliokuwa na virusi, wakiwa mahabusu ya Umoja wa Mataifa Arusha, walizipata, kwa sababu kanuni za kimataifa zinataka mahabusu atibiwe. Shahidi aliyekuja kuwatambua alirudi kufa kijijini. Manusura walilisema hilo kwa uchungu kwa miaka kabla mpango wa kuwatibu mashahidi haujaanza.

Serikali ya Rwanda nayo ilianzisha mfuko wa kuwasaidia manusura, FARG, mwaka 1998. Mfuko huo ulisomesha watoto wengi, ulijenga nyumba, ulilipia matibabu. Ila mnufaika wake alipaswa kuwa aliyelengwa kati ya Oktoba 1990 na Desemba 1994. Mtoto aliyetungwa mimba kwa ubakaji mwezi Mei 1994 akazaliwa Februari 1995 hakuhesabiwa kuwa manusura. Mama yake alikuwemo kwenye orodha, yeye hakuwemo. Ada yake ya shule ilibaki ya mama.

Vita ikavuka ziwa

Julai 1994 watu wapatao milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma na Bukavu, wakiwemo wanajeshi na Interahamwe waliokuwa na silaha zao. Miaka miwili baadaye vita ikalipuka upande wa Kongo, na kwa namna moja au nyingine haijazimika hadi leo. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Mganga mkuu wa Lemera, Denis Mukwege, alinusurika kwa kuwa siku hiyo hakuwapo. Mwaka huohuo watu wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ikafunguliwa kwa ajili yao. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao, na wengi wa mama zao wanaijua habari hii kuliko mwandishi yeyote.

Mukwege alipoanza upya Bukavu, katika mtaa wa Panzi, mwaka 1999, alikusudia hospitali ya akina mama wajawazito. Mgonjwa wake wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi mapajani na sehemu za siri. Daktari alidhani ni tukio la mwendawazimu mmoja. Baada ya miezi michache walikuwa wamekuja kwa makumi.

Fistula sisi huku tunaijua kwa uzazi pingamizi; hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam imewatibu akina mama wengi wa namna hiyo. Ni tundu linalotoboka kati ya uke na kibofu cha mkojo, au kati ya uke na njia ya haja kubwa, na mkojo au choo vinatoka bila kuzuilika. Panzi ilianza kuwapokea wanawake waliotobolewa kwa mtutu wa bunduki, kwa kisu, kwa vijiti. Upasuaji unaanza kwa kutenganisha kuta za viungo viwili vilivyoshikana kwa kovu, kila ukuta unashonwa peke yake, kisha mgonjwa anakaa na mpira wa mkojo kwa takriban wiki mbili, akinywa maji kwa wingi, akisubiri kuona kama kitanda kitaamka kikavu. Kovu likiwa kubwa, mshono unaachia na mama anarudi mezani mara ya pili, ya tatu, wengine zaidi. Huyo ndiye aliyefika hospitali. Mume ambaye amekwishamfukuza kwa harufu hasubiri wiki mbili.

Kwa anayewahi, kuna kifurushi cha dawa ambacho wauguzi wa Kivu wanakiita kiti ya PEP. Ndani mna vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi vya siku 28, ambavyo lazima vianze ndani ya saa 72, vidonge vya kuzuia mimba ambavyo vina faida hadi siku ya tano, na dawa za magonjwa ya zinaa. Saa 72 ni muda mrefu kwa mtu wa mjini mwenye bodaboda mlangoni. Kwa mama wa Shabunda au Walikale, ambako barabara ni njia ya msituni na yuleyule aliyembaka ndiye aliyeweka kizuizi njiani, ni muda mfupi sana.

Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Mukwege na mlinzi wake akauawa. Akaondoka na familia kwenda Ulaya. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, watu wanaoishi kwa chini ya dola moja kwa siku, waliuza mananasi na mazao mengine wakachanga nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alirudi. Nobel ya Amani aliipata mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad, binti wa Kiyazidi wa Iraq aliyefanywa mtumwa na wapiganaji wa Dola ya Kiislamu.

Mahakama kwenye gari

Kongo iliridhia Mkataba wa Roma, ule ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwaka 2002, na Julai 2006 ikabadilisha sheria yake ya jinai: ubakaji ukapewa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kima cha chini cha adhabu huongezeka mara mbili mtendaji akiwa mtumishi wa dola, akitumia silaha au wakiwa kundi. Sheria nzuri. Mahakama zilikuwa wapi? Mjini, na wenye shida walikuwa vijijini. Suluhisho lilikuwa mahakama inayotembea: majaji, karani, mwendesha mashtaka wa kijeshi na mawakili wanapakiwa kwenye magari au kwenye ndege ya Umoja wa Mataifa, wanapelekwa kulikotendeka kosa, wanakaa wiki mbili au tatu, wanasikiliza, wanahukumu, wanaondoka.

Siku ya mwaka mpya wa 2011, mjini Fizi, mabishano ya baa yaliishia kwa askari mmoja kuuawa. Usiku huo wenzake waliuingia mji, wakapora na kubaka. Mahakama ya kijeshi ilikwenda Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya pwani yetu ya Kigoma. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari, wiki saba tu baada ya tukio, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20. Kabla yake hakuna kamanda wa cheo hicho aliyekuwa amefungwa Kongo kwa ubakaji wa askari wake. Wiki saba! Hapa kwetu wiki saba ni muda wa kutafuta jalada.

Kazi hiyo haikwenda hivyo kila mara. Novemba 2012, Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, jeshi la serikali lilikimbia kufuata ufuo wa Ziwa Kivu hadi Minova na kuwageukia wananchi liliopaswa kuwalinda. Umoja wa Mataifa ulithibitisha wanawake na wasichana zaidi ya 100 walibakwa. Washtakiwa walikuwa 39. Hukumu ilisomwa Mei 2014, na waliotiwa hatiani kwa ubakaji ni wawili. Wengine wengi walifungwa kwa uporaji na kuvunja amri, na mahakama iliyotumika ilikuwa ya aina ambayo uamuzi wake haukatiwi rufaa.

Kesi iliyoonyesha kwamba somo limeeleweka ni ya Kavumu. Huu ni mji mdogo kaskazini mwa Bukavu, penye uwanja wa ndege. Kuanzia 2013 hadi 2016 wasichana wadogo wapatao 40, wa mwisho wakiwa hawajafikisha hata miaka miwili na wakubwa wakiwa na miaka kumi au zaidi kidogo, walichukuliwa usiku kutoka kwenye nyumba walimolala na wazazi wao, wakakutwa baadaye mashambani, wameharibiwa. Polisi walifungua kila tukio kama kesi yake, na kila kesi ikafa peke yake. Wazazi walisema mapema kwamba ni kundi moja, na walimtaja mkubwa wake: Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, aliyekuwa na wanamgambo waliojiita Jeshi la Yesu. Mganga wao wa kienyeji aliwaaminisha kwamba damu ya bikira itawakinga na risasi.

Mwaka 2016 mwendesha mashtaka wa kijeshi aliyakusanya majalada yote kuwa kesi moja ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, na Batumike akakamatwa Juni. Kesi ilisikilizwa palepale Kavumu, Novemba na Desemba 2017. Watoto hawakupandishwa kizimbani. Mahojiano yao yalikuwa yamerekodiwa mapema na wataalamu, na video ndiyo iliyotumika. Mashahidi wakubwa waliketi nyuma ya pazia, wamefunikwa nguo kuanzia kichwani hadi miguuni, sauti zao zimebadilishwa kwa mashine, kwa sababu waliowatuhumu walikuwa majirani. Madaktari wa Panzi walileta vyeti walivyojaza siku mtoto alipofikishwa. Sisi tunaijua PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na tunajua inavyopotea. Huko, cheti kilichojazwa vizuri ndicho kilichokuwa shahidi asiyeweza kutishwa. Tarehe 13 Desemba watu 11 walihukumiwa kifungo cha maisha, Batumike akiwemo. Julai 2018 rufaa ikatupwa.

Kuna watu watakwambia ubakaji wa Kongo ni habari ya koltani tu, madini yanayotumika kwenye simu. Simu yako, mtoto wake, wanaandika hivyo kwenye mabango huko Ulaya. Madini yana mkono, hilo halina ubishi: Ntabo Ntaberi Sheka, ambaye kundi lake na washirika wake waliwabaka watu wasiopungua 387 katika vijiji vya Walikale kwa siku nne za mwaka 2010, alikuwa mtu wa biashara ya madini kabla ya kuwa mbabe wa vita. Lakini Kavumu hakukuwa na mgodi uliogombaniwa. Kulikuwa na mwanasiasa mwenye silaha, polisi waliomwogopa na wazazi maskini. Minova nako walikuwa askari wa serikali, walioshindwa na kulewa. Maelezo ya simu yanamfaa msomaji wa mbali kwa kuwa yanamfanya mhusika wa habari, huku yakiwasamehe makamanda.

Sheka alifungwa maisha huko Goma Novemba 2020, miaka kumi baada ya vijiji vile.

Nani analipa

Sasa turudi kwenye fedha, maana mama wa kijijini akishashinda kesi anauliza swali moja: nitalipwa lini?

Mahakama ya Kavumu iliagiza kila mtoto aliyebakwa alipwe dola 5,000, na kila familia iliyouawa mtu dola 15,000. Serikali haikubebeshwa mzigo, ingawa mkubwa wa wahalifu alikuwa mbunge. Kwa hiyo mdaiwa ni mfungwa. Miaka kadhaa baada ya rufaa, mashirika yaliyozisimamia familia hizo yalikuwa bado yakieleza kwamba hazijalipwa kitu kutokana na hukumu ile. Na kule ambako hukumu iliitaja serikali ilipe pamoja na wahalifu, kuna ngazi nyingine: ili hukumu ya fidia itekelezwe, aliyeshinda anatakiwa kwanza kulipa ada inayokokotolewa kwa asilimia ya fidia yenyewe, au apate cheti cha kuthibitisha kwamba ni maskini. Cheti cha umaskini nacho kina nauli ya kukifuata.

Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague hali si tofauti sana. Bosco Ntaganda, mbabe wa vita wa Kongo, alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019, ikiwemo kwa utumwa wa kingono, na mwaka 2021 majaji wakapanga fidia ya dola milioni 30. Yeye hana kitu, kwa hiyo mzigo ukaangukia mfuko wa waathirika ambao unategemea michango ya nchi wanachama.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Tume ya Waki iliandika visa 900 vya ukatili wa kingono katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Manusura wanane waliishtaki serikali yenyewe mwaka 2013 kwa kushindwa kuwalinda na kushindwa kupeleleza. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa wanne kati yao shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne, baada ya miaka kumi na miwili na ushee. Hata hivyo nadhani hoja yao ni sahihi kuliko zote: mhalifu anaweza kufa, kutoroka au kufilisika, serikali haifilisiki kwa dola elfu tano.

Kongo yenyewe inaonekana kukubali hoja hiyo, angalau kwenye karatasi. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 inampa manusura wa ubakaji wa vitani haki ya fidia bila kungoja mhalifu apatikane, na mfuko ulioundwa, FONAREV, umepangiwa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Kwa nchi yenye kobalti ile, hizo ni fedha nyingi.

Mfuko wa pili una historia chungu. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa jeshi lake katika vita ya 1998 hadi 2003, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu, ubakaji ukiwemo. Malipo yaligawanywa kwa miaka mitano, milioni 65 kila tarehe 1 Septemba kuanzia 2022. Mfuko wa kugawa fedha hizo, FRIVAO, uliwekwa Kisangani, mji uliopigwa vibaya na mizinga ya Uganda na Rwanda zilipogombana humo mwaka 2000. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa takriban dola milioni 19 zilizotoka kwenye fungu hilo kwenda kwa mkandarasi wa kujenga gereza. Waziri wa sheria, fedha za waliobakwa, na gereza ambalo halikujengwa. Mtunzi wa tamthilia angeambiwa apunguze chumvi.

Mafaili ya mwaka 2025

Yote hayo yalikuwa yakisuasua hivyo Goma ilipoanguka tena, Januari 2025. Tarehe 27, wafungwa wa gereza la Munzenze walipovunja milango, kitengo cha wanawake kilivamiwa. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake zaidi ya 160 walibakwa na wafungwa waliokuwa wakitoroka, na wengi wa wanawake hao wakateketea kwa moto uliowashwa humo. Wiki hiyo vituo 42 vya afya vya Kivu mbili vilipokea waliobakwa mara tano zaidi ya wiki ya kawaida, na asilimia 30 yao ni watoto. Katika Januari na Februari peke yake, UNICEF ilitaja visa karibu 10,000 mashariki mwa Kongo. Katikati ya Februari Bukavu nayo ikachukuliwa na M23.

Wakati huohuo Marekani ilikata misaada, na kiti za PEP, ambazo sehemu kubwa zilinunuliwa kwa fedha hizo, zikaanza kuadimika kwenye zahanati. Mahakama za serikali zilifungwa katika miji iliyotekwa, majaji na mawakili waliokuwa wakiendesha kesi hizi wakakimbia, na wafungwa waliohukumiwa kwa miaka ile yote ya mahakama zinazotembea wakawa huru mitaani pamoja na wale waliotoa ushahidi dhidi yao.

Panzi haikufungwa. Madaktari waliendelea kupokea, kutibu na kujaza vyeti: tarehe, saa, jeraha liko wapi, mgonjwa amesema nini kwa maneno yake. Mji ulipotekwa hakukuwa na hakimu wa kumpelekea cheti hicho. Lakini uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu haufi kwa kupita muda, si kwa Mkataba wa Roma wala kwa sheria ya Kongo. Félicien Kabuga, aliyekuwa akitafutwa kwa mauaji ya 1994, alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020. Na fedha nazo zina tarehe yake: kwa ratiba ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, awamu ya tano na ya mwisho ya fedha za Uganda ni ya tarehe 1 Septemba 2026.